Bwawa tunaliona kwa macho, mbona Yaka ni ghali?

Hajjati mmoja wa Walukuba, Jinja, Uganda, ameniandikia hivi: "Ninauza juisi na barafu, nina friza mbili. Tangu utotoni bwawa la Nalubaale naliona kwa macho yangu. Tuliambiwa bwawa la Karuma likifunguka bei ya umeme itashuka, limefunguka. Tukaambiwa kampuni ya Umeme wakiondoka itashuka; wameondoka. Lakini Yaka, huu umeme wa kulipia kabla, ya elfu 20 sielewi inavyohesabiwa. Mwanzo wa mwezi napata yuniti 28, wiki inayofuata 22, na mwezi ukielekea kuisha mara napata 35. Nyuma ya nyumba nina vyumba vinne vyenye mita moja. Wapangaji nawatoza shilingi 1,000 kwa yuniti nao wananiita mwizi. Mwizi ni mimi au ni hao wanaopanga bei?"

Hajjati, tuanze na hizo elfu 20 zako, maana ukizielewa hizo umeelewa nusu ya mambo yote.

Nitatumia viwango vya nyumbani vilivyotangazwa kwa robo ya Aprili hadi Juni 2025. Vinabadilika kila robo, lakini njia ya kuhesabu ni ileile. Yuniti 15 za kwanza za kila mwezi zinauzwa shilingi 250 kila moja. Kutoka ya 16 hadi ya 80, shilingi 756.2. Kutoka ya 81 hadi ya 150, bei inashuka hadi 412. Ukivuka 150, unarudi kwenye 756.2. Juu yake kuna ada ya huduma ya shilingi 3,360 kwa mwezi, na vyote hivyo vinatozwa VAT ya asilimia 18.

Sasa chukua elfu 20 ya tarehe mosi. Ondoa VAT, zinabaki 16,949. Ondoa ada ya mwezi, zinabaki 13,589. Yuniti 15 za bei nafuu zinakula 3,750. Kilichobaki, 9,839, kinanunua yuniti 13 kwa bei ya kawaida. Jumla 28. Wiki ijayo ada hukatwi tena, lakini zile 15 za nafuu nazo umeshazimaliza, kwa hiyo 16,949 yote inagawanywa kwa 756.2 na unapata 22 na ushei. Mara ya tatu ni hivyohivyo. Mara ya nne unavuka yuniti ya 80 katikati ya safari, unaingia kwenye shilingi 412, na tokeni inakuja na 35. Mita yako haina kichaa. Inafuata ngazi zilizoandikwa kwenye karatasi, nayo inahesabu kwa mwezi wa kalenda, tarehe mosi hadi mwisho wa mwezi.

Ndiyo maana nawaonya wanaonunua Yaka ya miezi miwili kwa mpigo wakidhani wanajirahisishia. Ukiruka mwezi, ada ya mwezi huo inakungoja utakaponunua tena, lakini zile yuniti 15 za nafuu hazikungoji. Tofauti kati ya 250 na 756.2, mara 15, pamoja na VAT, inakaribia shilingi 8,960. Hiyo ni hela ya sukari, Hajjati, na unaiacha mezani kwa sababu ya tarehe tu.

Hiyo ngazi ya 412 ndiyo inayowashangaza wengi, kwamba unatumia zaidi na bei inashuka. Ililetwa kati ya mwisho wa 2021 na mwanzo wa 2022 ili watu waache mkaa wapikie umeme. Mimi naiona ni wazo zuri lililowekwa mahali pagumu kufikika. Mwenye jiko la umeme atazifikia yuniti 80 bila jasho. Mama wa chumba kimoja anayetumia 30 kwa mwezi bei hiyo anaisikia redioni tu. Wewe wa friza mbili ndiye unayeifaidi, ingawa hukuwa mlengwa.

Sasa, nani aliyeandika hiyo karatasi?

Zamani ilikuwa nyumba moja. Uganda Electricity Board, UEB, iliundwa 1948. Malkia Elizabeth wa Pili akaja kufungua bwawa la Owen Falls, ndilo hilo Nalubaale lako, mwaka 1954, na Jinja ikawa mji wa viwanda. Hata Walukuba yenyewe ilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi waliofuata umeme huo. UEB ilizalisha, ikasafirisha, ikauza, ikakata waya na ikajipangia. Sheria ya Umeme ya 1999 ilivunja nyumba hiyo. Mwaka 2001 UEB ikagawanywa mara tatu: UEGCL ya kuzalisha, UETCL ya kusafirisha kwenye laini kubwa, na UEDCL ya kusambaza majumbani. Juu yao kikawekwa chombo kisichouza umeme wowote, Mamlaka ya Udhibiti wa Umeme, ambayo kila mtu anaijua kwa jina la ERA. Kazi yake kubwa ni kutoa leseni na kuidhinisha bei.

Hapo kwenye kuidhinisha ndipo pa kutuliza akili. ERA haikai chini ikajiuliza "wananchi wanaweza kulipa ngapi?" Inaanzia upande wa pili. Kila mwenye leseni analeta madai yake: nitatumia kiasi hiki kwa mishahara, kiasi hiki kwa nguzo na transfoma, nadaiwa kiasi hiki, nataka faida kiasi hiki. ERA inakata inachoona hakistahili, na inachokubali inakigawanya kwa idadi ya yuniti zinazotarajiwa kuuzwa. Hapo bei imezaliwa. Kwa hiyo yuniti yako imebeba watu watatu mgongoni: aliyezalisha, aliyesafirisha, na aliyekuletea mlangoni. UETCL inanunua kutoka kwenye mabwawa yote, ghali na rahisi, inachanganya kwenye sufuria moja, kisha inamuuzia msambazaji kwa bei ya jumla. Ndiyo sababu wewe uliye jirani na Nalubaale unalipa sawa na mtu wa Mbarara au Soroti mwenye mita kama yako kwenye gridi hiyohiyo. Umeme ukishaingia kwenye sufuria hauna kabila. Watu wa Jinja wanaolilia punguzo la ujirani nawaelewa, lakini siwaungi mkono. Siku umeme wenu utakapokuja kutoka Karuma, mtataka wa kule wawatoze nauli?

Lakini maji si ya bure? Maji ni ya bure, Hajjati. Deni ndilo lisilo la bure. Nalubaale ni mzee, gharama zake za ujenzi zilishamezwa zamani, kwa hiyo umeme wake ni wa rahisi sana. Bujagali, bwawa lililo kilomita chache tu mbele kwenye Mto Nile, iliyoanza kazi kamili 2012 ikiwa na megawati 250, ilijengwa kwa mtaji wa watu binafsi na mikopo mikubwa, na kwa miaka mingi umeme wake ukawa mara kadhaa ya bei ya jirani yake. Mto ni uleule, maji ni yaleyale. Maji yanayozungusha mitambo ya Nalubaale na ya jirani yake Kiira ndiyo yanayoshuka kuzungusha ya Bujagali. Mwaka 2018 mikopo hiyo ilipangwa upya ilipwe kwa muda mrefu zaidi, mradi ukasamehewa kodi ya mapato kwa kipindi fulani, na bei yake ikashuka bila tone moja la maji kuongezeka.

Kwa nini tulikubali mkataba mzito namna hiyo? Aliyekuwa Uganda mwaka 2005 na 2006 hahitaji kuelezwa. Ziwa Victoria lilishuka, kwa ukame na pia kwa kufungulia maji mengi kupita kiasi kwenye mitambo miwili ya Jinja. Tukaishi kwa zamu za giza, leo mtaa wetu, kesho mtaa wenu. Serikali ikakodi majenereta ya dizeli. Umeme wa dizeli ni ghali vibaya mno, na serikali ikawa inaulipia sehemu kwa ruzuku ili bei isimwangukie mteja yote. Januari 2012 ruzuku ikaondolewa, na yuniti ya nyumbani ikaruka kutoka karibu shilingi 386 hadi karibu 525 kwa usiku mmoja. Watu walidhani umeme umepanda siku ile. Ulikuwa umepanda miaka mingi kabla, ila sehemu tuliilipa kwa kodi na hatukuona risiti.

Karuma je? Hapa ndipo ahadi za jukwaani zinapokutana na hesabu. Karuma ni megawati 600, imejengwa kwa takribani dola bilioni 1.7, asilimia 85 ikiwa mkopo wa Benki ya Exim ya China, na ilizinduliwa rasmi Septemba 2024. Umeme wake si ghali kwa yuniti. Umewekwa karibu senti 5 za dola. Lakini sasa nchi ina mitambo ya zaidi ya megawati 2,000, ilhali hata saa za jioni wakati kila mtu amewasha, hatufiki huko. Kituo chenye deni kinalipwa kwa kuwapo kwake, si kwa kuuza tu. Mikataba mingine inasema wazi kwamba umeme uliokuwa tayari ukakosa wa kuuchukua, unalipiwa kana kwamba umechukuliwa. Fikiria umekodi matatu mawili ya abiria 14 kila moja, na abiria wako ni 16. Matatu ya pili ni nzuri na mpya. Nauli ya kila abiria itashuka?

Ndiyo maana mimi, tofauti na wengi, siangalii ni bwawa gani linafunguliwa. Naangalia yuniti ngapi zaidi zimeuzwa. Bei inashuka wateja wakiongezeka kwenye mzigo uleule.

Kisha kuna dola. Mikopo ya mabwawa ni ya dola, mikataba mingi ya kununua umeme ni ya dola, transfoma zinaagizwa kwa dola. Wewe unalipa kwa shilingi kupitia mobail mani. Katikati ya hizo mbili lazima mtu abebe hatari ya shilingi kuyumba. Tangu 2014 jibu la Uganda ni hili: bei ya msingi inawekwa kwa mwaka, kisha kila miezi mitatu inarekebishwa kufuata thamani ya shilingi, mfumuko wa bei na bei ya mafuta duniani, na pia aina ya mitambo inayotumika. Kwa lugha ya sokoni, hatari hiyo umebebeshwa wewe. Kampuni hazikuibeba. Wanaoitetea njia hii wanasema afadhali bei ichezecheze kidogokidogo kuliko ikae kimya miaka mitano halafu iruke kama ile ya 2012. Nakubaliana nao, kwa shingo upande. Ila jua kwamba robo ambayo shilingi imeimarika una haki ya kuuliza mbona hukuona kitu.

Tuje kwa msambazaji, maana hapo ndipo mdhibiti anapoonyesha meno yake au anapoyaficha. Kuna mambo mawili: upotevu na faida.

Upotevu uufikirie kama maziwa kutoka Mbarara. Umepakia lita 100. Nyingine zimemwagika njiani, nyingine zimeibwa. Zikifika 84, bei ya lita hizo 84 lazima irudishe gharama ya 100. Umeme nao unamwagika kwenye waya kama joto, na unaibwa na wanaounganisha kienyeji, wale vishoka ambao Kampala huwaita kamyufu. Umeme Limited, kampuni binafsi iliyokodishwa waya za UEDCL, walipoanza Machi 2005, takribani yuniti 38 katika kila 100 zilikuwa zinapotea. Mpaka wanaondoka zilikuwa zimeshuka hadi karibu 16 au 17. Kwa mfano tu: yuniti inayonunuliwa kwa jumla shilingi 300 inakuwa 484 mlangoni ikiwa 38 zimepotea, na 357 ikiwa 16 zimepotea, kabla hujaweka mshahara wa mtu yeyote. ERA haikubali kila upotevu. Inaweka lengo: mwaka huu nakuruhusu upoteze kiasi hiki, na mteja atakilipia, ukizidisha, ni hasara yako mwenyewe. Mimi hiyo naiona ndiyo kazi moja bora kabisa ya mdhibiti yeyote, ingawa haipigiwi ngoma.

Faida ndiyo iliyoleta kelele. Mkataba wa Umeme Limited uliwapa asilimia 20 kwa mwaka juu ya uwekezaji ulioidhinishwa. Kila dola ya nguzo iliyokubaliwa na ERA ilidai senti 20 za faida mwaka baada ya mwaka, kwa dola, kupitia bei yako. Mwaka 2004, nchi ikitoka kwenye UEB iliyochoka, huenda bila hizo 20 asingekuja mtu. Kufika 2015 zilikuwa zinauma, na hapo ndipo unapoona mipaka ya ERA. Mdhibiti anaweza kukagua nguzo moja moja akikataa ya uongo, lakini hawezi kufuta namba iliyotiwa sahihi na serikali kabla hajaketi mezani. Mkataba uliisha 31 Machi 2025, na UEDCL ikachukua waya siku iliyofuata. Bei ya robo hiyo ilishuka, hasa kwa biashara na viwanda. Nyumbani ilishuka shilingi kumi na kitu tu, ndiyo maana hukuiona. Sasa mtihani ni wa UEDCL. Ikishindwa kuzuia upotevu, nafuu iliyotokana na kuondoa ile asilimia 20 italiwa na waya za kamyufu.

Najua utaniuliza kuhusu viwanda, kwa sababu pale Jinja mnaona moshi wao. Ni kweli, kiwanda kikubwa kinalipa sehemu tu ya bei yako kwa kila yuniti. Kuna sababu ya haki: kinachukua umeme kwenye laini kubwa, hakihitaji vijitransfoma vya mtaani, na upotevu wake ni mdogo. Pia kinalipa kwa saa: ghali kuanzia saa 12 jioni hadi saa 6 usiku, rahisi usiku wa manane. Na kuna sababu ya siasa: Rais amesisitiza kwa miaka kwamba wenye viwanda wauziwe kwa senti 5 za dola. Sababu ya kwanza inaeleza sehemu kubwa ya tofauti. Kinachobaki ni uamuzi wa nchi kuhusu nani amsaidie nani, na uamuzi wa namna hiyo haustahili kufichwa ndani ya fomula.

Wewe mwenyewe, Hajjati, jiulize kama friza zako ziko kwenye kundi sahihi. Bei ya wastani ya wateja wadogo wa biashara katika robo hiyo ya 2025 ilikuwa chini ya shilingi 600, ingawa haina zile yuniti 15 za nafuu. Kwa bei za nyumbani, mtu wa yuniti 150 kwa mwezi anatoka na wastani wa shilingi 545 kabla ya ada na VAT, wa yuniti 200 karibu 598, na kadiri anavyozidi hapo wastani unazidi kupanda. Pima matumizi yako ya miezi mitatu kabla ya kwenda UEDCL kuomba kubadilishiwa. Na ukiwa na malalamiko wasiyoyatatua, unapanda ERA. Usiporidhika na uamuzi wa ERA, lipo Baraza la Migogoro ya Umeme. Tena kabla ya bei ya msingi ya mwaka kupitishwa, maombi ya makampuni huwekwa wazi na wananchi hukaribishwa kusema. Wenye viwanda hutuma wanasheria na wahasibu. Wauza juisi sijawaona.

Sasa wapangaji wako. Sitakuita mwizi, lakini tupige hesabu pamoja. Tuseme vyumba vinne vinatumia yuniti 30 kila kimoja, jumla 120. Yuniti 15 za nafuu ni shilingi 3,750. 65 zinazofuata ni 49,153. 40 za mwisho kwa 412 ni 16,480. Ongeza ada, ongeza VAT: 85,837. Hiyo ni shilingi 715 kwa yuniti. Wewe unakusanya 120,000. Zaidi ya elfu 34 zinabaki kwako kila mwezi, na sheria inataka leseni kwa anayefanya biashara ya kuuza umeme.

Kila mmoja angekuwa na mita yake angelipa 726 kwa yuniti, kwa sababu ada ya 3,360 ingemkalia peke yake. Kwa hiyo kwa watu wa yuniti 30, mita ya pamoja haiwaumizi hata kidogo. Kinachowaumiza ni ile elfu moja. Lakini angalia mpangaji wa taa moja, redio na simu. Vyumba vyote vinne vikiwa vya yuniti 15, kwenye mita yako kila kimoja kitachangia shilingi 12,136. Kila kimoja kingekuwa na mita yake kingelipa 8,390. Bei ya nafuu iliwekwa kwa ajili ya mtu huyo hasa, lakini mdhibiti anahesabu mita, hahesabu watu. Mpangaji wa muzigo, yaani chumba kimoja cha kupanga, ambaye ndiye maskini aliyekusudiwa, anagawana yuniti 15 na majirani watatu, na mwenye jumba la Kololo, mtaa wa matajiri wa Kampala, anazipata zote 15 peke yake. Ningekuwa na dakika mbili mbele ya ERA, hilo ndilo ningelisema.

Kama chumba kimojawapo kina mtu wa taa moja, mwombee mita yake. Waliobaki bandika tokeni za mwezi ukutani, jumlisha hela zote ulizolipa, gawanya kwa yuniti ulizopata, na uwatoze kinachotoka hapo. Kwa viwango nilivyotumia, usishangae mwezi mmoja ikatoka 715 na mwingine, wakitumia kidogo, ikatoka 809.